Jirani Niliyemsingizia

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, tunaishi na mume wangu ploti moja Kitale: vyumba sita, bafu moja. Chunjua zikanitokea sehemu za siri. Kwanza mbili, halafu zikafura kama koliflawa. Shuleni tulifundishwa ukimwi tu, kila bango ukimwi, kwa hivyo hizi sikuzijua. Nikatafuta wa kulaumu. Aliyekuwa karibu ni msichana wa chumba cha nne, msusi, aliyezoea kuazima karai langu la kuogea.

Wanawake wote wakiwa wanafua, nikamwambia: "Karai langu usiguse tena. Umeniambukiza uchafu wako."

"Uchafu gani, mama?"

"Si unajua wewe! Na hao wanaume wako!"

Uongo. Sikuwahi kuona mwanaume hata mmoja akiingia kwake. Wenzangu wakacheka, mmoja akasema ati akaogee mtoni. Mwezi haukuisha, akahamia Bungoma.

Kwenye kliniki ya wajawazito sista aliniangalia, akanieleza wazi. Ni virusi, vinapita ngozi kwa ngozi watu wakilala pamoja. Karai halina makosa. Mtu anaweza kukaa navyo miaka bila dalili, halafu mimba ikazikuza hizo chunjua. Zinatibika. "Nani alikuletea siwezi kujua, na wewe huwezi. Mlete mzee."

Mzee! "Mimi sina kitu," akaniambia. "Umezitoa huko kwenu."

Nilikasirika. Lakini kabla yake kulikuwa na mwingine, tangu fomu three. Na maneno aliyonitupia ndiyo yale niliyomtupia yule msichana, tena mimi nilimtupia mbele ya watu.

Mtoto alipofika miezi mitatu nilimbeba mgongoni hadi Bungoma. Nikampata sokoni anasuka mteja. Nikasema mteja akisikia: "Nilikusingizia. Ule ugonjwa ulitoka kitandani kwangu."

Mikono yake haikusimama. "Hapa Bungoma nani ananisema, mama toto? Waliosikia wako Kitale. Enda uwaambie hao."

Hakunikaribisha kiti, na sikustahili.

Nilirudi. Siku ya kufua ilifika, nikafua kimya. Ikafika nyingine, nikafua kimya. Mpaka tunahama ile ploti nilikuwa nimewaambia wawili tu, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Kumtukana nilikuwa nimepiga kelele.