Mayai ya Juja na Chai ya Saa Nne

Kabla ya kufika kwa vifaranga, nilikuwa nimeacha kazi nyingi kuliko nilizofukuzwa. Nilitoka shule kidato cha pili bila kugombana na mtu. Dirisha la darasa lilitazama barabara, na barabara ikanishinda. Nikauza mananasi Thika. Nikachora mabango ya vinyozi. Nikafungua redio za watu hadi nikajua sauti inatoka wapi, na nilipojua nikaondoka. Nikishaelewa kitu, miguu huanza kuniwasha.

Kompyuta ilinishika kidogo zaidi. Kulikuwa na ofisi ya kupiga chapa karibu na stendi ya Thika, na mwenyewe aliniajiri nipanguse vumbi na kubadilisha utepe wa printa. Kitabu cha maelezo kilikuwa kinene kama tofali na hakuna aliyewahi kukifungua. Nilikisoma chote wenzangu wakienda kula, kisha nikaanza kuandika programu zangu, ndogo ndogo, za kupanga majina na za kubahatisha umri wa mtu. Miaka hiyo ya tisini, aliyeweza kukifanya kioo cha kijani kimjibu alidhaniwa amesoma ng'ambo. Sikumsahihisha mtu.

Siku moja akaja mteja, mzee mwenye kituo cha kuangulia vifaranga huko Ruiru, upande wa Gatongora. Wakulima walimletea mayai, yeye akayaweka kwenye mashine zenye joto, na baada ya siku ishirini na moja wakaja kuchukua vifaranga. Alikuwa amenunua kompyuta kuukuu na haikuwa na kazi ila kuwekewa kofia yake juu. Alitaka orodha ya kila asubuhi: mayai ya nani yako mashine gani, na leo yapi yahamishwe. Akanipa mtihani mmoja. Niandike programu, tuingize mayai ya kwanza, na siku yatakapoanguliwa, orodha ikiwa ya kweli nimeajiriwa. Ikiwa ya uongo, nirudi kwa vumbi.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyokuwa nimetaka kazi yoyote. Kifaranga ni kitu ambacho huwezi kukielewa siku moja ukaondoka. Lazima ungoje.

Mashine zilikuwa nne, makabati makubwa ya mbao yaliyonguruma mchana kutwa. Mkuu wake alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu ambaye wote walimwita Cucu, kwa sababu, walisema, ndiye nyanya wa kila kuku kutoka Ruiru hadi Juja. Cucu aliandika kwa chaki kwenye milango ya mashine. Mistari, misalaba, vichwa vya mishale, mahali pengine umbo kama jembe. Msaidizi wake alikuwa mwanamume mrefu kutoka Majengo, Thika, Mwislamu, aliyesukuma toroli la trei na kufunga vifaranga kwenye katoni. Huyo alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza tu alinipa jina: Kompyuta.

Jumatatu ya kwanza mayai ya mkulima wa Juja yaliingia mashine ya tatu, na Alhamisi mayai ya Theta yakaingia mashine ya kwanza. Niliuliza kila kitu siku hizo mbili, nikaandika, kisha nikajifungia ofisini na kioo changu. Kila asubuhi nilichapa orodha na kuibandika kwenye milango, juu kabisa ya chaki za Cucu. Niliona ninamsaidia. Yeye aliinua karatasi kama mtu anayeinua pazia, akaandika chini yake, akaishusha.

Saa nne kila siku wote walikaa nje, nyuma ya chumba cha mashine, kwenye makreti yaliyopinduliwa, wakanywa chai. Mtu wa toroli alikuwa akipita dirishani kwangu.

"Kompyuta, chai."

Nilimwambia namaliza kitu kidogo.

"Ama wewe unakunywa stima kama hicho kioo?"

Nikacheka, nikaendelea kuandika. Kuna kitu fulani nilikuwa nakimaliza kila siku. Sikumbuki hata kimoja. Nilidhani mwenye bidii ni yule ambaye kikombe chake hakijachafuka.

Ijumaa ya wiki ya tatu ilikuwa siku ya kumi na nane kwa mayai ya Juja. Siku hiyo mayai hutolewa kwenye mashine, ambako trei hujipindua upande huu na ule kila saa, yakapelekwa kwenye chumba kilichotulia ili vifaranga watoke salama. Ukiyasahau, watatokea huko ndani na trei itawaangusha. Orodha yangu ilisema wazi: mashine ya tatu, yahamishwe leo. Nilimpelekea mtu wa toroli mkono kwa mkono, maana nilitaka kuona karatasi yangu ikifanya kazi.

Aliisoma, akamtazama Cucu. Cucu akafungua mashine ya tatu, akatoa yai moja, akaliweka juu ya kisanduku chenye taa ya kupimia mayai. Akaniita niinamie.

"Huyu bado analala," alisema. "Hii ni ya Theta."

Kisha akafungua mashine ya kwanza, mahali orodha yangu ilisema hakuna jambo, na wakaanza kuyatoa mayai ya Juja trei baada ya trei. Mimi nilisimama na karatasi yangu. Nikiwa nimeisoma mara nne, nilimwendea mtu wa toroli nikamuuliza nani aliyeyabadilisha mayai.

Akasema ni wao. Wiki iliyopita, Ijumaa, feni ya mashine ya tatu ilianza kuchoka. Mayai yaliyokaa siku nyingi hutoa joto lake yenyewe, na jua la mwezi ule lilikuwa kali, kwa hivyo ya Juja yangeiva kama githeri. Wakayapeleka mashine ya kwanza yenye feni nzima, na ya Theta, yaliyokuwa bado machanga, yakachukua nafasi yao. Nilimuuliza jambo kubwa kama hilo liliamuliwa wapi.

"Kwa chai."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Si tulikuita? Mimi mwenyewe nilikuita. Ukasema unamaliza kitu."

Hakusema kwa ubaya. Nikarudi mlangoni mwa mashine ya tatu, nikainua karatasi yangu kwa mara ya kwanza. Chini yake, kwa chaki nyeupe, kulikuwa na mshale na lile umbo la jembe. Yote yalikuwa yameandikwa pale wiki nzima. Mimi ndiye niliyeyafunika.

Jumamosi saa nne nilikwenda kwa chai bila kuitwa. Walisogea wakanipa kreti. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza, na mtu wa toroli alikuwa amekaa katikati yao mikono mitupu, wenzake wakivuta chai moto mbele ya macho yake. Nilimuuliza kama si mateso kukaa hapo na saumu, maana angeweza kulala kivulini.

"Wewe unafikiri watu hukuja hapa kunywa?" akasema. "Nikikosa hii kikao, saa tano sijui kazi yangu ni gani."

Nusu saa ile nilijifunza mengi kuliko wiki tatu za kioo. Kwanza, hakuna aliyeyaita mayai kwa namba ya mashine. Walisema "Juja anatoa jasho", "Theta amenyamaza sana", kana kwamba wakulima wenyewe wamejikunja mle ndani. Jembe lilikuwa la Theta, kwa sababu mkulima yule alikuja mara ya kwanza na jembe begani. Mishale ilikuwa safari za mayai. Mambo ya feni, ya trei iliyopasuka, ya mkulima atakayechelewa kwa sababu ana mazishi, yote yalipita hapo kati ya mandazi na mzaha, na kabla vikombe havijaoshwa yalikuwa yamekuwa amri. Cucu aliuliza, wakabishana, akasema moja, wakainuka. Hakuna aliyeandika chochote hadi arudi mlangoni na chaki.

Jumapili, kwa kuwa mayai hayaendi kanisani, nilikuja tena. Nikaandika upya nusu ya programu. Mayai yakaitwa kwa mahali yalikotoka, na mashine ikawa kitu kinachoweza kubadilika wakati wowote. Orodha niliibandika ukutani, pembeni, milango ikabaki ya Cucu.

Jumatatu vifaranga wa Juja walitoka. Ukiingia chumba kile unasikia kwanza, halafu ndipo unaona: manjano tupu, kelele tupu. Mwenye kituo alifika saa tatu, akawatazama, akahesabu siku kwa vidole, akanipiga bega. Siku ishirini na moja kamili. Akasema kumbe kompyuta inajua kuku.

Cucu alikuwa anapanga katoni. Mtu wa toroli alikuwa anaangalia dari. Nilifahamu kwamba hawangesema, wote wawili, na kwamba nikinyamaza nimeajiriwa.

Nikamwambia mzee ukweli. Orodha yangu Ijumaa ilitaja mashine ambayo mayai ya Juja hayakuwamo, na kama ingefuatwa, hawa wangetokea ndani ya mashine na trei ingewaangusha. Aliyewaokoa ni Cucu na chaki yake.

Tabasamu lilimpotea polepole. Akaniuliza, sasa kile kitu cha ofisini kinajua nini.

"Kinajua nilichokiambia," nikasema. "Na mimi sikuwa nimeuliza mtu."

Akamgeukia Cucu. "Mama, nimfanye nini huyu?"

Cucu hakuinua macho kwenye katoni. "Mwache akae. Lakini saa nne akuje chai."

"Na chai itasaidia kompyuta?"

"Itasaidia. Hiyo haina miguu ya kuja yenyewe."

Mtu wa toroli alicheka hadi akashika ukuta, na mzee, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akavaa kofia yake haraka akaenda kuangalia feni. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nilikaa pale miaka minne, na kwa miguu yangu hiyo ni uzee.

Baadaye nimeandika programu mahali pengi, Thika na kwingine, na vijana wa chuo cha Juja huniuliza nilijifunzia wapi kazi hii bila cheti. Huwaambia kuhusu kile kitabu kama tofali, kwa sababu ndicho wanachotaka kusikia. Kisha huwauliza, huko mlikoajiriwa, watu wanakunywa chai saa ngapi? Wengi hawajui. Wanakunywa yao mbele ya kioo.

Jumatatu ile ile, saa nne, nilipokea kikombe changu cha kwanza kama mfanyakazi. Kabla sijakifikisha mdomoni, Cucu alisema mayai ya Gatongora yatahamia mashine ya pili. Nikaruka, nikaweka kikombe chini, kando ya kreti, nikaanza kwenda ofisini kuandika.

"Wee, Kompyuta," akaniita. "Kaa. Maliza chai. Hayajahama bado."