Jina Linaloanza na Na

Majina yenyewe sitayaandika hapa. Moja ni la binti yangu, na akikua ataamua mwenyewe nani alisome. La pili kwa muda mrefu nilikuwa siwezi hata kulitamka, na mkono nao umezoea kulikwepa. Inatosha kujua kwamba la kwanza ni fupi, la Kiingereza, nililichagua mimi. La pili ni refu, la Kinamwanga, alilichagua mume wangu, na linaanza na Na.

Mimi ni Mnyiha wa Ihanda, mshonaji. Mume wangu ni Mnamwanga wa Msangano, fundi wa matairi ya malori. Tulikutana Tunduma, tukaoana, tukapanga vyumba viwili nyuma ya gereji, tukakaa miaka mitano bila mtoto.

Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linapumzika. Anakuwa Mama Fulani sokoni, kanisani, hata kwenye daftari la kikoba. Mimi niliendelea kuitwa dada fundi, na kwa wakwe zangu niliitwa wewe. Mwaka wetu wa pili wa ndoa tulikwenda Msangano kwenye harusi ya shemeji. Nilikuwa napakua wali. Mgeni mmoja akamwuliza mama mkwe, "Huyu anayepakua ni mama nani?" Mama mkwe hakugeuka hata kuniangalia. Akajibu, "Huyo bado hana jina."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakahamia kwenye habari za nyama. Nafikiri alimaanisha tu kwamba sijazaa, na labda hakuwa na ubaya. Mimi nikaendelea kupakua wali, lakini ile kauli ilinikaa kooni. Nina kichwa kigumu, na kitu kikiniuma sikisahau. Kila tulipokwenda Msangano baada ya pale nilipiga magoti nikamwamkia vizuri, nikafua, nikapika, na moyoni sikumsamehe.

Basi mtoto akaja, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Siku ya tatu tukaanza kugombana juu ya jina.

Jina langu lilikuwa tayari. Nililipata kwa mteja wangu mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, mama mnene mcheshi ambaye akifika hasemi hodi, anasalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," halafu anavuta kiti mwenyewe. Siku moja alikuja na binti yake, na yule mtoto akawa anazunguka cherehani yangu, mama yake anamwita kwa lile jina, kwa ukali, halafu kwa kubembeleza. Nikaona linafaa kote kuwili. Nililiandika nyuma ya daftari la vipimo, nikalitunza pale miaka mitatu.

Mume wangu alilisikia, akakunja uso.

"Hilo ni jina la mafuta ya mwili," alisema. "Sasa huyu mtoto nitamwita au nitampaka?"

"Na la kwako ni refu kama foleni ya malori," nikamjibu. "Mtoto atamaliza darasa la kwanza hajamaliza kuliandika."

Yeye alitaka jina la mama yake. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na mama ndiye aliyemlea, kwa jembe na ufuta, bila msaada wa mtu. Alitaka siku moja katika maisha yake aweze kuwa na mama yake nyumbani kwake, amwite, amtume, ambebe begani. Aliniambia hivyo waziwazi, na mume wangu si mtu wa maneno mengi. Ningekuwa na moyo mzuri zaidi ningekubali palepale.

Nilikuwa na sababu yangu, na hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Nililelewa na bibi yangu, na kwa bibi yangu mkwe hatajwi jina. Jina la mama mkwe wake lilifanana na neno la Kinyiha la chumvi, na yule bibi mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuomba chumvi kwa jina lake. Alisema, "Nipe kile cha mchuzi." Mimi nilikua nikisikia hivyo kila siku, na adabu ya namna hiyo haitoki. Tangu niolewe jina la mama mkwe halikuwa limepita mdomoni mwangu hata mara moja.

"Akikimbilia barabarani," nilimwuliza mume wangu, "nitapiga kelele nimwiteje?"

"Utamwita mama."

"Nimzae mwenyewe halafu nimwite mama?"

"Mimi nitamwita hivyo. Kuna ubaya gani?"

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao sikumwambia. Mtoto huyu alikuwa ananipa mimi pia jina, lile nililolisubiri miaka mitano. Nilikuwa naenda kuitwa Mama Fulani mpaka nife, na huyo Fulani angekuwa yuleyule aliyesema sina jina. Nililiwaza hilo nikinyonyesha, machozi yakanitoka kwa hasira, na mume wangu akadhani ni kidonda cha uzazi.

Siku ya tano tulipatana. Alikuwa amekaa mlangoni anaosha mikono kwa sabuni ya unga, maana grisi ya malori haiogopi sabuni ya kipande, akasema bila kuinua macho, "La kwako litangulie. La mama lifuate." Nikamwuliza hapa nyumbani atamwita lipi. Akasema lako. Na Msangano? Akasema Msangano wataita wanalotaka, na mimi nisinune. Nikasema sawa. Hakuna aliyefurahi sana.

Mtoto alipofikisha wiki tatu mume wangu ndiye aliyekwenda ofisi ya kata kuandikisha, maana mimi nilikuwa bado natunzwa ndani. Alirudi na cheti cha kuzaliwa kimekunjwa mara nne mfukoni, kina alama ya kidole cheusi. Akanipa, akarudi kazini. Nikakifungua, nikasoma, nikarudia kusoma.

Hapa inabidi nieleze kitu. Kwa Wanamwanga, majina mengi ya wanaume yanaanza na Si, na ya wanawake yanaanza na Na. Mume wangu jina lake linaanza na Si, na shuleni walimchosha kwa utani: wewe si huyu, wewe si yule, sasa wewe ni nani? Ukiiondoa ile Na kwenye jina la mama mkwe, linalobaki si jina la mtu. Ni neno tu la majani yanayoota kando ya mto, ambayo ng'ombe wakila wanaharisha.

Karani wa kata alikuwa mwanamke mgeni, mwenye Kiswahili cha pwani. Mume wangu alimtajia majina mawili kwa mpigo mmoja, la kwanza, halafu lile la Na. Karani akasikia jina, kisha "na", kisha jina lingine. Akafanya ambacho kila mtu wa pwani angefanya. Aliona ile "na" ni ya kuunganisha tu, akaiacha, akaandika yale mawili yaliyobaki. Mume wangu akaweka sahihi bila kusoma, kama anavyoweka sahihi kwenye kila karatasi maishani mwake.

Nasema kweli, nilifurahi. Nilikaa kitandani na kile cheti mkononi, nikacheka peke yangu. Serikali ilikuwa imenifanyia kile ambacho mimi nisingethubutu. Sikuwa nimekataa, sikuwa nimevunja makubaliano, na jina la mama mkwe halikuwemo. Nilikiingiza kwenye mfuko wa plastiki, nikakiweka katikati ya Biblia, na mume wangu alipouliza kama kiko salama nikamjibu kiko salama.

Miezi miwili baadaye mama mkwe alikuja kumwona mtoto. Alishuka na mchele, ufuta na kuku wawili waliofungwa miguu, na kabla hajanywa maji alinawa mikono akamchukua mtoto.

"Wajina wangu," alimwambia. "Mama yake baba. Umekuja lini wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, lakini kila siku alininyima sababu. Alimwogesha mtoto, alinipikia uji wa ulezi, alinikataza kuinua ndoo. Akiwa ameketi na mtoto mapajani alimsimulia kwa Kinamwanga, kirefu, mambo ya mashamba na ya watu waliokufa, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu. Niliwasikiliza nikiwa kwenye cherehani, na mguu wangu ukawa mzito kwenye pedeli. Nilijua kilichomo ndani ya Biblia.

Siku ya nne akaniomba cheti. "Nataka nimwone wajina wangu kwenye karatasi ya serikali."

Mume wangu alikuwa ameitwa Nanyala kufungua matairi ya lori lililokwama. Tulikuwa wawili na mtoto. Nikakileta. Niliamini hatajua, kwa sababu mama mkwe si msomaji. Nilikuwa nimesahau kwamba zamani kanisani kwao walikuwa na darasa la watu wazima, na alichotoka nacho huko ni jina lake, basi. Alikiweka cheti mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa jina, akakisogeza polepole mpaka mwisho. Akakirudisha mwanzo. Akakisogeza tena.

"Na yangu iko wapi?" aliuliza.

"Karani alikosea, mama. Ni mgeni. Hajui majina ya huku."

"Wewe uliona lini?"

Ningeweza kusema leo. Angeniamini, au angejifanya kuniamini. "Siku ileile kilipoletwa," nikasema.

Alikikunja kile cheti kwenye mikunjo yake ya zamani, akanirudishia, akamfunika mtoto miguu. Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Afadhali angenitukana.

"Kesho twende tukaitafute," alisema mwishowe, akaenda kupepeta mchele.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, tukaongozana katikati ya malori yaliyopanga foleni. Alitembea mbele, mimi nyuma, na njia nzima alisalimia watu tu. Ofisini kulikuwa na watu sita kwenye benchi. Zamu yetu ilipofika, karani alikitazama cheti, akasikiliza shida yetu, akacheka kwa ukarimu.

"Jamani, yule baba alisema fulani na fulani! Mimi nitajuaje kama ile na ni ya jina?" Akavuta fomu. "Haya, mama wa mtoto, nitajie jina kamili, polepole. Safari hii nisikosee."

Nikataja la kwanza. Kisha nikanyamaza.

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, bega kwa bega. Ilikuwa rahisi sana yeye kulisema, ni lake. Hakulisema. Nikanyoosha mkono kwenye kalamu ya karani ili niliandike, na mama mkwe akaweka mkono wake juu ya wangu. Mkono mkavu, wa jembe.

"Usiandike," alisema. "Nitaje."

"Mama, siwezi. Sikulelewa hivyo."

"Najua ulivyolelewa. Miaka yote hii sijasikia jina langu kwako, wala sijasikia mtu akisema umelitaja." Hakupunguza sauti, na watu wa kwenye benchi walikuwa wanasikia vizuri. "Siku ya harusi nilisema neno juu yako. Nadhani ulilisikia."

"Nililisikia, mama."

"Nilijua. Ulipakua wali mwingi mno kwenye sahani ya yule mgeni." Akavuta pumzi. "Sasa ni mimi sina jina. Liko mdomoni mwako. Nitaje, mama."

Aliniita mama. Hakuniita mama wa mtoto wala Mama Fulani. Karani alikuwa amesimamisha kalamu. Nyuma yetu mtu alikohoa. Mtoto mgongoni alikuwa ananyonya ukingo wa kanga yangu, na nilisikia shingo imelowa.

Nikalitaja.

"Sijasikia," karani akasema.

Nikalitaja tena, kwa sauti, lote, na mama mkwe akaitika, "Abee," kama mtoto aliyeitwa kutoka uani. Watu wa kwenye benchi wakacheka, na mimi nililia mbele yao bila kujificha.

Karani akaandika la kwanza. Akaanza la pili, akaandika N, akaandika a, akainua kichwa.

"Hii Na, niiachie nafasi?"

"Hapana," nikamwambia. "Ishikane."