Taa Mbili Juu ya Paa la Mjomba

Sijawahi kuona upuuzi juu ya nyumba kama kile kidirisha cha mjomba wangu. Nimelala chini ya turubai machimboni Geita, chini ya nyasi Kigoma, chini ya bati la Tunduru lenye matundu kama chujio, na kote huko niliweza kusema kila kitu kimewekwa kwa ajili ya nini. Kidirisha cha mjomba hakikuwa kwa ajili ya chochote. Kilichomoza katikati ya paa kwenye kipaa chake cha pembetatu, kikiwa na vioo vinne vilivyosafishwa kila Jumamosi, na nyuma ya vioo hakukuwa na chumba. Kulikuwa na mbao za kenchi, giza na popo.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, minofu ya sangara ilipoanza kupanda ndege na makarani wa jana wakaanza kujenga. Mjomba alikuwa karani wa pamba. Aliingia kwenye sangara, na baada ya miaka michache akawa na nyumba juu ya mawe ya Igogo, Mwanza. Kidirisha alikikata kwenye kalenda. Nyumba ya kwenye kalenda ilikuwa imefunikwa na theluji, jambo ambalo halikumshtua yeye wala fundi wake.

Nilipokuwa mtoto, nyumba za mji huu zilikuwa na paa la pande mbili. Mvua ikinyesha, nusu ilikwenda huku na nusu kule, kazi imekwisha. Nayakumbuka mapaa yale kwa hamu, kama wengine wanavyokumbuka chakula. Ukichomeka kipaa ubavuni mwa paa kubwa unazaa mifereji miwili, mmoja kila upande, pale mabati ya kipaa yanapokutana na mabati ya paa, na maji yote ya juu hukimbilia humo. Mfereji ukiziba, maji hupanda ukingo na kuingia ndani. Hata mimi niliyeishia kidato cha nne nililielewa hilo.

Chini ya mfereji wa kushoto alilala bibi, mama yake mjomba. Alitolewa kisiwani Nansio kwa mbwembwe, na kila mgeni alipelekwa chumbani kwake kumwona amekaa juu ya godoro jipya, kama friji. Bibi hakupenda kitu chochote cha mjini isipokuwa soda. Alipolowana mara ya pili, alitoa sharti mbele yetu sote.

"Mara ya tatu naondoka. Nyasi zangu Nansio hazivuji."

"Mama, tukuhamishie chumba cha nyuma," mjomba akasema.

"Kile chenye magunia? Umenileta mjini nilinde mchele?"

Vyumba vingine vilijaa watoto na mashemeji. Mjomba akaanza kuishi kwa hofu. Hakuhofia mafua ya mama yake. Alihofia kwamba Wakerewe wote wa Mwanza wangejua siku hiyo hiyo kuwa mama amelikimbia jumba la mwanawe. Tena posa ya binti yake mkubwa ilikuwa njiani, na posa bila bibi ukumbini ingesemwa miaka.

Fundi aliitwa. Alipanda, akashuka, akajipangusa mikono.

"Bosi, hapa ni saruji tu."

"Si uliweka saruji mwezi uliopita?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa ya kwanza, kaka. Ya kwanza inaifungulia njia ya pili."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza daktari. Saruji ikapakwa juu ya saruji. Kisha ukaja mgao mrefu wa umeme, mvua zikanyesha, na ndani hakikudondoka kitu. Mjomba alimsifu fundi barazani mpaka majirani wakachoka. Umeme uliporudi, ilinyesha mara moja tu na dari juu ya kitanda cha bibi likafura kama shavu lenye jino bovu. Lilibakiza kidogo kupasuka.

Fundi hakuonekana. Mjomba akanigeukia mimi.

"Wewe si umezurura nchi nzima? Panda ukaone."

Nikapanda. Bibi alisimama uani akinitazama.

"Mume wangu, shuka! Ukifa wewe nani atanioa tena?"

Pale mfereji unapoishia nilikuta donge jeusi lililoshikamana kama ugali wa jana, limekaa nyuma ya matuta ya saruji ya fundi. Nililibandua kwa mkono. Lilikuwa na mabawa. Nikatazama juu, na juu ya kichwa changu ilikuwepo taa.

Mjomba alikuwa amefunga taa mbili kwenye pembe za kidirisha, nje, moja juu ya kila mfereji, ili nyumba ionekane usiku kutoka kwenye meli. Alizaliwa kisiwani. Tangu utoto aliviona vijidudu vya ziwani vikipanda majini kama moshi na kufuata kila mwanga, kisha kufa kwa marundo. Bado akawasha taa mbili kileleni mwa Igogo, kila usiku, akavialika. Vilikufa na kudondoka mferejini, saruji ikavizuia visiteremke na maji, mvua ikavikanda. Wakati wa mgao havikuja, basi.

Nilishuka nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo nizime?"

"Zima tu, mjomba. Mifereji nimeshaisafisha."

"Watu watadhani nimefilisika."

Alizima, lakini kwa jinsi alivyonuna ungedhani nimemnyang'anya mashua. Bibi alilala pakavu siku nyingi, mvua zikapita, akaanza hata kuulizia shamba la mboga pale nyuma.

Kisha wageni wa posa wakafika kutoka Musoma. Walifikia gesti Buzuruga, wakaja kwetu jioni kula, mazungumzo yakawekwa kesho yake mchana. Walipokuwa wanakaribia getini nikasikia swichi.

"Mjomba, vijidudu vimetanda angani."

"Usiku mmoja tu. Hawa ni watu wakubwa."

Wageni walikisifu kidirisha. Mmoja aliuliza ni chumba cha nani kile cha juu, na mjomba akajibu kwamba ni maktaba. Taa zilisahaulika zikiwaka. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri, na kulipokucha bibi alikuwa amekaa sebuleni na khanga mbichi, furushi lake limefungwa, vipande vya dari kichwani.

"Shikamoo, mama," mjomba akaanza.

"Marahaba. Nitafutie mtu wa kunifikisha bandarini."

"Mama, leo? Na wageni hawa? Watu watanionaje?"

"Watakuona vizuri tu. Una taa mbili."

Nilimbebea furushi. Njia nzima hakulalamika wala kumtaja mwanawe. Aliulizia bei ya soda, akanywa moja bandarini, akapanda meli bila kugeuka.

Niliporudi, mazungumzo ya posa yalikuwa yameshaanza. Wageni walikuwa wamemuulizia bibi. Mjomba akawaambia kwamba mama ameondoka ghafla, amepata msiba Nansio. Walisimama mmoja mmoja, wakampa mkono wa pole, naye akawa anaupokea, macho chini, akishukuru.