Kitambaa Kikavu

Weita wa hoteli yetu pale Thika alilowesha vitambaa vya meza kila asubuhi kabla ya kupanga sahani. Miaka kumi na minane alihudumu kwenye meli ya abiria, Mombasa hadi Bombay, na huko kitambaa kilicholowa huzuia sahani zisiteleze wimbi likipiga. Bandarini tu ndipo huachwa kikavu. Chai alimimina nusu kikombe, miguu ameitanua, kana kwamba sakafu ya saruji ingeinama. Jina langu hakuuliza. "Karibu, Meza ya Nne," alisema kwa miaka mitatu. Abiria wake wa zamani pia aliwataja kwa meza: Meza ya Sita aliyemlilia mama yake, Meza ya Pili aliyemwahidi barua.

"Ilifika?" nilimuuliza.

Akafuta kijiko kilichokuwa safi tayari.

Siku moja nilimwambia nimepata kazi Ruiru, nahama. Kesho yake nikakuta kitambaa changu kikavu, na kikombe kimejaa hadi ukingoni.

"Tumefika, Bwana."

"Ruiru ni hapo tu!" nilisema, nimeudhika. "Nitakuja kila Jumapili."

"Wote husema hivyo," alijibu, akanipa mkono.

Sikurudi hata Jumapili moja.