Magongo Yote Katikati

Verna Hrynkiw aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja katika mji mdogo wa Kestrel Lake, kwenye nyanda za Saskatchewan, na hakuwahi kumwacha mtoto barabarani, hata yule aliyemtapikia begani. Kwa hiyo Dale Thorvaldson alipomletea karatasi yenye majina tisa ya watu wa kuachwa, alipaswa kujua anamletea nani. Yeye mwenyewe alipanda basi hilo miaka kumi na miwili.

Sasa Dale alikuwa muuza matrekta na mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa barafu, na tisa hao alitaka watolewe kwenye ligi ya Jumapili ya mpira wa magongo unaochezwa kwa kuteleza barafuni. Alimkuta Verna kwenye mgahawa wa uwanjani, anakula chipsi zilizomwagiwa siki.

"Mama Verna, usikasirike."

"Sijakasirika bado. Soma."

"Si unaweza kusoma mwenyewe?"

"Uliyaandika wewe, yasome wewe. Na kwa sauti, mgahawa wote usikie."

Dale akasoma. La kwanza lilikuwa Lorraine Lafond, aliyejifunza kuteleza barafuni akiwa na miaka hamsini. Akafuata mwoka mikate, kisha fundi wa mabomba mwenye goti bovu. Alipofika la saba akakohoa. La saba lilikuwa Verna Hrynkiw.

"Lakini utabaki katibu wetu," akaharakisha.

"Niwaandikie barua mnaponifukuza? Asante sana."

"Mama, watu wanatucheka. Miji ya jirani inatuita ligi ya mabata."

"Bata anajua kuogelea, Dale. Wewe mwaka jana ulizama ziwani na pikipiki yako ya theluji, na aliyekuvuta kwa kamba ni huyo huyo Lorraine."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Dale hakucheka. Alitaka timu nne za kudumu, wachezaji wa kuchujwa, na kombe. Verna hakutaka hata moja kati ya hayo, na sababu yake haikuwa ya kuchekesha.

Miaka kumi na tisa nyuma, mji ulikuwa na timu za kudumu. Shemeji yake Verna, mdogo wa mumewe Orest, alimvunja jirani taya kwa gongo wakigombea kombe la bati. Majira manne ya baridi nyumba mbili hizo zilikaa kanisani kila moja upande wake, na jina la Hrynkiw likawa la kutajwa kwa kunong'ona. Orest alikufa bila kuona watu wamepatana. Mwaka uliofuata mazishi, Verna alianzisha ligi ya Jumapili kwa sheria moja: kila anayekuja hulitupa gongo lake katikati ya barafu. Verna hushusha kofia ya sufu mpaka chini ya pua, hupiga magoti, kisha huyarusha magongo bila kuona, moja kushoto, moja kulia. Gongo lako lilikoangukia ndiko iliko timu yako kwa siku hiyo. Uliyekumbana naye wiki hii, wiki ijayo utamwomba pasi. Jirani wa taya na shemeji wa gongo waliangukia upande mmoja Jumapili ya tatu, na watu wakaacha kunong'ona.

Kamati ikapiga kura. Saa nane mchana ya Jumapili, saa ya ligi ya Verna, wakapewa Dale na watu wake ishirini.

"Wametushinda," Lorraine akasema.

"Wamechukua paa tu," Verna akajibu. "Ziwa halina mwenyekiti. Jumapili, saa ile ile, kila mtu aje na koleo."

Jumapili hiyo ilikuwa baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Tisa wakafika, wakaanza kusukuma theluji kwenye barafu ya ziwa. Halafu akatokea Ambrose Lafond, muuza nyama, mume wa Lorraine, anavuta kigari cha theluji kilichojaa mavazi yake ya ugolikipa.

"Wewe hawajakufukuza," Verna akamwambia.

"Wamemfukuza mke wangu. Nikidaka kule, nile wapi?"

Nyuma yake akaja Colleen Sawchyn, daktari wa mifugo, naye na pedi zake za kudakia. Ndipo Verna alipotambua kosa la Dale, akacheka mpaka machozi yakamganda kwenye kope. Dale aliwachagua watu wake kwa kuhesabu mabao waliyofunga. Hakuuliza nani atayazuia. Mji mzima ulikuwa na magolikipa wawili, na wote walikuwa wamesimama ziwani.

Wiki ya kwanza wachezaji wa Dale walisimamisha ubao golini. Wiki ya pili ubao ukapasuka. Wiki ya tatu walipeana zamu ya kudaka, mmoja akapoteza jino, wakatukaniana wazazi, na Dale akatembea mpaka ziwani.

"Ambrose, kaka, saa moja tu."

"Muulize mke wangu."

"Si mlisema mimi ni mzito," Lorraine akasema, "na leo hata masikio yamekuwa mazito."

Dale akamgeukia Verna. "Kamati iko tayari kuwarudisha watano."

"Tisa."

"Saba, mama. Mimi nina heshima yangu."

"Hapa si mnada wa ng'ombe. Tisa wote, magongo katikati, na tangazo ulibandike wewe mlangoni, lenye jina lako chini."

"Na nikikataa?"

"Barafu hii inakaa mpaka Aprili. Mimi nimestaafu, sina haraka."

Dale akatazama nyuma kutafuta wa kumuunga mkono. Sita katika watu wake walikuwa wamemfuata. Walikuwa wamekaa kwenye theluji, wanafunga kamba za viatu vya barafu, na hakuna aliyeinua uso.

Akavua glavu, akatoa kalamu na risiti kuukuu. "Niandike nini?"

"Anayetaka kucheza, acheze. Basi."

Dale akasugua kalamu kwenye karatasi. "Wino umeganda."

"Iweke kwapani," Verna akasema, akageuka kwenda kucheza, akamwacha amesimama ukingoni, mkono umebana kwapa, anangoja wino uyeyuke.