Gauni la Njano, Sweta la Buluu

Kwa desturi ya Warundi mtoto hapewi jina la baba wala la ukoo. Kila mmoja huja na lake, na wengi mno huja na Nizigiyimana, yaani namtumainia Mungu. Jina zuri, ila ukimpoteza mtoto mwenye jina hilo, umempoteza kwelikweli.

Pelagia Ininahazwe alimpoteza wake Oktoba 1993, kwenye njia ya kushukia Mabamba, watu wa kilima chao, yaani kijiji chao, walipokuwa wakikimbia vita Burundi kuingia Tanzania. Binti alikuwa na miaka minne. Risasi zililia nyuma, watu wakatawanyika migombani, na mkono wa mtoto ukachomoka mkononi mwake. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho, ule mkono ukichomoka. Miaka karibu minne alilimia watu vibarua Mabamba, akimuuliza kila aliyevuka mpaka, hadi serikali ilipowakusanya wakimbizi wa vijijini na kuwapeleka kambini. Yeye akaangukia Nduta.

Kambini palikuwa na karani wa kutafuta watoto waliopotea, jina lake Majaliwa, Mha wa Kagerankanda, mtu mpole aliyezungukwa na makaratasi.

"Mama," alimwambia siku ya kwanza, "akina Nizigiyimana wa umri huo ninao thelathini na wanne. Nipe alama. Kovu, nguo, chochote."

Pelagia hakuwa na alama. Kichwa chake siku hizo kilikuwa hakishiki kitu. Alibandika maharage akayasahau mpaka majirani walipokuja mbio kwa moshi. Alipanga foleni ya mgao tangu alfajiri, kisha akakumbuka kadi ameiacha ndani. Na mama gani asiyejua mwanawe alivaa nini? Alijiuliza hivyo kila siku, na kila siku alijichukia.

Ndipo muuguzi Tunu aliporudi kutoka semina Kigoma mjini. Tunu alikuwa mtu wa Tanga, serikali ilimleta huku milimani kisha ikasahau kumhamisha. Alirudi na jambo jipya la kuwatibu walioumia moyoni: mketi mkekani, mfumbe macho, mfuate pumzi ikiingia na kutoka. Basi. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Yaani wameacha kuni porini waje wafundishwe kupumua!

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Tunu aliwajibu. "Wazo likija msilifukuze wala msilikimbilie. Litazameni, halafu mrudi kwenye pumzi."

Wengi walirudi kwenye kuni. Pelagia alibaki, kwa kuwa hakuwa na lingine la kujaribu. Na jambo lenyewe likafanya kazi, tusidanganyane. Mwezi haukuisha, maharage yakaacha kuungua. Kadi aliijua ilipo. Majina ya watu wa kilima chao yakaanza kurudi, nyumba kwa nyumba. Kisha asubuhi moja, katikati ya pumzi, mtoto akaja. Alikuwa na gauni la njano, vifungo vyeupe, kola imechanika upande mmoja. Pelagia alilia kwa furaha mbele za watu, akakimbia peku hadi kwa Majaliwa, naye akaandika yote kwa kalamu nyekundu.

Wiki mbili baadaye akatembelewa na Leonidasi, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi kambi nyingine upande wa Kasulu. Pelagia hata uji hakuwa amemmiminia, akaanza kumsimulia habari za gauni. Leonidasi akamkazia macho.

"Oya, hapana, shemeji. Lile la njano lilikuwa la ubatizo. Siku ile alivaa sweta la buluu. Nilikuwa nyuma yenu, nililiona."

Pelagia alibisha mpaka sauti ikamkauka. Lakini kesho yake alipoketi mkekani na kufumba macho, sweta lilikuwapo. La buluu, limemfikia mtoto magotini, mikono yake imekunjwa mara tatu. Lilionekana wazi sawasawa na gauni, na hapo ndipo hofu ilipomshika. Leonidasi hakutaja mikono iliyokunjwa. Basi Pelagia ameitoa wapi?

"Sista, kipi ni cha kweli?" alimuuliza Tunu.

"Mama Nizigi, mimi nilifundishwa kutuliza kichwa. Kikitulia huja mengi, ya kweli na yaliyojishonea yenyewe. Kuyachambua sikufundishwa."

"Si bora ungeniachia kelele zangu, basi!"

Tunu akainamisha uso. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake siku hiyo haukuwa na kazi yoyote.

Pelagia alikwenda kwa Majaliwa kurekebisha maandishi ya lile gauni, lakini karani alikuwa anatabasamu kabla hajaketi. Kasulu yupo mmoja. Jina ndilo, umri ndio, aliokotwa njia ya Mabamba, analelewa na mama mmoja huko kambini. Gari linaondoka Alhamisi.

Kule Kasulu mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa gauni la kijani lenye maua meupe, miguu imejaa vumbi. Pelagia aliutafuta uso wa miaka minne ndani ya uso wa miaka minane, hakuupata, wala hakuukosa. Majaliwa akamsalimu, akajitenga kidogo.

"Wewe ni wa tatu kuja kunitafuta," mtoto alisema kwa Kirundi. "Wote nawauliza neno moja. Siku ile nilivaa nini? Sijamwambia mtu. Mama yangu aliyenizaa anajua."

Pelagia akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa. Likaja la njano, vifungo vyake vikimetameta. Likaja la buluu, mikono imekunjwa. Angeweza kubahatisha. Lakini akibahatisha na kupata, atajuaje kama hakumchukua mwana wa mwenzake? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kule kambini wazazi walikuwa wengi.

"Naona gauni la njano," alisema. "Naona na sweta la buluu. Mwanangu, sijui ni lipi."

Mtoto alingoja kidogo, kana kwamba huenda likaongezwa neno. Halikuongezwa.

"Mama yangu anajua," akasema taratibu, akashuka kwenye benchi, akachukua ndoo yake, akaenda kuungana na wenzake bombani.

Gari likawarudisha Nduta. Walipopita Makere vumbi likazidi, Pelagia akafumba macho, si kwa ajili ya pumzi, kwa ajili ya vumbi tu. Ikaja njia ya Mabamba, ikaja migomba, ukaja mkono mdogo ndani ya wake. Akamtazama mtoto. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye maua meupe.