Vidonge vya Kubakiza

Choo cha bweni letu la wasichana hapa Kindu, miaka ya vita, bado nakisikia puani. Mbao mbili juu ya shimo, funza wanapanda mpaka kwenye kandambili. Maji ya kunawa hayakuwepo, maana kuteremka mto Lualaba kulitaka upite mbele ya askari. Kinyaa kile kilitufundisha ujanja: hatukunywa maji. Kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, hata funda moja. Mkojo tuliubana mpaka tumbo likawa gumu, na ulipotoka ulikuwa wa rangi ya chai, unanuka, unachoma kama pilipili.

Mji ulikuwa umezingirwa, treni haiji, dawa ni za kutafuta kwa tochi. Aliyepata vidonge alimeza siku mbili, maumivu yakipungua akaacha, vilivyobaki akampa mwenzake. Mimi nilimeza vilivyotolewa kwenye sidiria ya msichana mwingine, vimelowa jasho, gamba limeanza kuyeyuka. Tuliuita upendo, na kusema kweli ulikuwa upendo.

Aibu yangu ni kwamba vita viliisha, maduka ya dawa yakajaa hadi mtaa wa Mikelenge, nami sikuacha. Binti yangu alipoanza masomo ya juu akalalamika mkojo unamchoma, nilimpa vidonge vinne. Siku ya pili akasikia nafuu, nikamwambia aache, vingine aweke. Ugonjwa ukirudi, nampa vya aina nyingine. Nilijigamba kwa majirani kwamba mwanangu hasumbui hospitali.

Mwaka huu homa ilimwangusha. Mgongo ulimuuma upande mmoja, akatapika kitandani kwangu, na vidonge vyangu havikufua dafu. Hospitalini daktari alimuuliza kama anakunywa maji. Akajibu kwamba siku za masomo hanywi, kwa sababu choo chao hakiingiliki. Nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Mkojo wake kwenye kichupa ulikuwa mzito, una usaha. Mtu wa maabara alisema atawaotesha wadudu wake kwenye kisahani, kisha awajaribie dawa moja moja aone ipi inawaua. Tulingoja siku tatu, mtoto anatetemeka, nami naogopa kwamba hakuna itakayowaua.

Alituita tuone. Utando wa kijivu, unaoteleza kama makamasi, ulikuwa umefunika karibu kisahani chote. Ulivipanda bila woga vikaratasi vya dawa zote ninazozijua kwa majina. Moja tu, ya sindano, ndiyo iliyoacha duara safi kuizunguka.

Akamgeukia binti yangu. "Nani alikuwa anakupatia hizi dawa nusu nusu, mpaka wadudu wakazizoea? Muganga gani?"

"Haikuwa muganga," akasema. "Ni mama njo alikuwa ananipatia."

Hakusema kwa hasira. Alisema, kisha akalaza kichwa begani kwangu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukaa.